Bonde la Kochi

Sikuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Nililikalia pale pale dukani, mara tatu,
nikapapasa kitambaa chake cha rangi ya moshi,
nikamuuliza kijana: hili litanizika?
Akacheka. Litakuzika, mama, na matanga litakaa.

Kroni elfu kumi na nane na mia tisa.
Pensheni ya dereva wa basi la shule,
miaka thelathini na mmoja ya barafu, Narvik na vitongoji vyake,
watoto wanasinzia nyuma, mimi macho kodo.
Kukaa kitako ndiyo iliyokuwa kazi yangu.
Asinifundishe mtu kukaa.

Mwezi wa kumi na tano likaanza kunong'ona.
Kwanza springi moja, usiku, kama mlango wa kabati.
Kisha katikati pakadidimia,
na kikombe nikikiweka juu ya mkono wake kinainama
kama jirani anayetega sikio.
Nikalipindua. Nikachana kitambaa cha chini kwa kisu cha jibini.
Mbao? Hapakuwa na mbao.
Unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi,
na pini za stapla, zile za kubania karatasi ofisini.

Kijana yule yule, Eskil kwenye beji,
akanisomea kikaratasi: dhamana ni mwaka mmoja.
Umepita, akasema. Na tena, kila kochi hubonyea.

Hapo ndipo aliponichokoza.
Kwa maana bonde la kochi nalijua.
Lile la zamani lilikuwa nalo, upande wa dirisha,
alilichimba Oddvar kwa miaka ishirini na sita
ya taarifa ya habari na soksi za sufu.
Alipoondoka, bonde halikuondoka.
Nilikuwa nikitia mkono nakuta kama pana joto.
Binti yangu akasema, mama, litoe hilo, unaishi na kaburi.
Nikalitoa.
Wanaume wawili, lori, dakika nne.

Basi usiniambie kila kochi hubonyea.
Kuna bonde la mtu na kuna bonde la ubao mbovu.
Hili halina aliyelichimba.

Nikamwambia Eskil, polepole,
kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto wafunge mikanda:
dhamana ni zawadi ya kiwanda, fupi au ndefu, apendavyo mtoaji.
Sheria si zawadi.
Kitu kilichouzwa kwamba kitadumu, katika nchi hii
nina miaka mitano ya kukilalamikia,
na ninayemlalamikia ni yule aliyepokea fedha zangu,
si kiwanda, si meli, si mwenye lori.
Risiti ninayo. Wino umefifia kama chai ya maji ya pili,
ila tarehe inasomeka.

Wakaja na gundi. Wiki tatu.
Wakaja na skrubu na kipande cha bati. Siku tisa.
Sikupiga kelele. Niliandika:
tarehe zote, kina cha bonde kwa rula, sentimita sita na nusu,
picha nne, na sentensi moja,
Mmejaribu mara mbili; sasa rudisheni fedha zangu, chukueni kochi lenu.
Sentensi hiyo ilinila jioni mbili,
majuma yale ambayo jua kwetu halichomozi kabisa
na jioni huanza saa sita mchana.

Walikuja Alhamisi. Eskil mwenyewe alishika upande wa miguu.
Mlangoni akasita. Akaniuliza kwa sauti ya chini
kama bibi yake, aliyenunua kabati hapo hapo kwao,
droo zimegoma kufunga, kama naye anaweza…
Ana risiti?
Akafikiri. Bibi hatupi kitu, akasema.

Fedha zimeingia. Zote, hata za usafiri.
Sebuleni kumebaki alama nne za miguu sakafuni.
Nakalia kiti cha jikoni, mgongo wima,
kama ninayesubiri mtoto wa mwisho apande.
Sina haraka ya kununua.
Nilichodai nimelipwa.
Lile bonde jingine, la dirishani,
nililitoa mwenyewe, halina kasoro,
na hakuna kaunta ya kulidai.