Anayechelewa

Araksi Petrosyan hacheki kazini.
Miaka thelathini na mmoja, Burbank, chumba kisicho na dirisha,
kiti kile kile, magurudumu yamebadilishwa mara nne,
na kwenye skrini mtu anateleza, anaangukia keki ya harusi
kwa mara ya arobaini tangu asubuhi.

Anamrudisha. Anateleza tena.
"Mapema," anajiambia. Anaongeza fremu mbili,
kope hata haijapepesa, mbili tu,
na iliyokuwa ajali inakuwa kichekesho.

Alianza kwa wembe na gundi,
vipande vya filamu vikimning'inia shingoni
kama futi ya fundi cherehani,
akimchemshia kahawa mzee Dombrowski
aliyemfunza somo moja tu, tena kwa kufoka:
Mwache anayesema! Nionyeshe anayemsikiliza.
Kicheko kimo usoni mwa yule aliyekwisha kuelewa
na bado hajui afanye nini.

Zikaja kanda, zikaja kompyuta,
wakaja watayarishaji wenye umri mdogo kuliko viatu vyake,
wakisema harakisha, watu hawana subira siku hizi.
Akaharakisha.
Usiku akarudisha pumzi mojamoja
pale ambapo hawatatazama.

Tuzo? Alitajwa mara mbili.
Mara zote mbili jina lilitamkwa ovyo, akabaki ameketi.

Kwenye diski yake kuna faili yenye herufi moja: M.
Mwaka themanini na tisa, hadhira ya studio, safu ya tatu,
mama yake, mgeni kutoka Yerevan, Kiingereza chake cha sokoni,
akingoja jirani amtafsirie kila mzaha,
kisha akicheka peke yake, nusu sekunde nyuma ya wote,
kicheko chembamba, birika linalokaribia kuchemka.

Fundi sauti alitaka kukifuta.
Araksi akakitia mfukoni.

Mama akazikwa Glendale, siku ya mvua, kitu adimu kule.
Tangu hapo, kila msimu, kila kipindi,
chini ya vicheko vya kununua, chini kabisa,
kuna mmoja anayechelewa.

Leo kijana mpya amekisikia. Ametoa vipokea sauti masikioni.
"Pale, mwishoni. Si hitilafu ile?"

"Hitilafu," anasema Araksi. "Iache."

Anairudisha keki mwanzo.
Mtu anateleza. Ukumbi mzima unacheka, unanyamaza.
Kidole chake kiko juu ya kitufe,
hakibonyezi bado.