Hati Mbili Mezani

Veikko kaitandaza hati yake ya mshahara, jikoni, Oulu,
theluji ikijaa dirishani.
Daktari wa meno. Kodi imemng'ata, ati,
karibu nusu.
"Kumbe hata mng'oaji hung'olewa," nikamwambia.

Yangu fupi. Dereva wa gari la kukwangua theluji:
posho ya usiku, buti, glavu,
kahawa ya bure kituoni, imechemka tangu jana.
Kodi ndogo, na kilichosalia
kidogo vile vile.

Akajumlisha. Akakohoa.
Akasukuma sahani ya samaki upande wangu.
"Dada, wanakupunja."

Huenda.
Ila leo, saa kumi alfajiri,
kabla ya hospitali, kabla ya barabara kuu,
nilianza na mtaa wake.

Hilo halimo kwenye hati.
Halikatwi kodi.