Sinawa

Redio yetu ilitaka betri nne, ilipewa tatu.
Kwenye pengo Baba alikunja karatasi ya sigara,
ile ya ndani, inayong'aa.
Asubuhi, Igombe, tulizianika betri juu ya jiwe
kando ya dagaa, zipate joto, ziseme tena kidogo.
Ndiyo maana nyimbo zote za utoto wangu
zinanuka dagaa na hazina mwisho.

Kulikuwa na mmoja. Mwanamume, gitaa, sauti ya mafua.
Upepo wa ziwani ulimla maneno
ukaturudishia mifupa:
usiku ni mrefu… sinawa… kumwambia.

Kwandu, miaka sita, viganja vimejaa mchanga na magamba,
akauliza: huyu Sinawa ni nani,
hata mtu akose usingizi mpaka amwambie yeye?

Mama alikuwa anageuza dagaa kwa fagio.
Alisikia "sinawi."
Akasema: hunawi? Basi huli.
Tulicheka hadi yangeyange wakajipatia riziki yao.

Tangu siku hiyo Sinawa alihamia kwetu.
Hakuwa na sura. Kwandu alimwekea michembe miwili
kwenye kifuniko cha kopo,
akamwambia nani kavunja chungu,
akamwambia ameota ziwa limekauka
na chini yake kuna shule, na kengele inalia.
Mimi mkubwa, miaka tisa, nilijifanya simjui.
Kisha usiku nikamnong'oneza
kwamba nimemwona Baba akilia
nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa,
mchana kweupe, na hatukuwa na msiba.

Nadhani hapo ndipo lilipoacha kuwa jina la mtu.
Hatukusema tena "kamwambie Sinawa."
Tulisema "nina sinawa,"
yaani kitu kimekufika kooni, bado cha moto,
na wote waliopo si wa kukipokea.
Si siri. Siri unaifungia mwenyewe.
Sinawa unataka kumtoa, mlango ndio hakuna.
Wala si upweke: unaweza kuwa naye pale Mwaloni
siku ya mnada, watu wanakukanyaga vidole.

Likaondoka lenyewe, bila nauli.
Waanikaji walilichukua kama walivyoazimana chumvi.
Mshona nyavu mmoja akalifikisha Kayenze.
Miaka ikapita, na siku moja Kirumba
nikamsikia muuza sabuni, mgeni kabisa kwangu,
akimwambia mwenzake: leo nina sinawa, we acha tu.
Nilitaka kumkamata shati.
Nikanunua sabuni.

Juzi wimbo ule ulipigwa kwenye simu ya jirani,
safi, kila herufi na kucha zake:
usiku ni mrefu, sina wa kumwambia.
Sina. Wa.
Kaufa kale katikati, hata wembe haupiti,
tumekakalia miaka thelathini na moja.
Nikampigia Kwandu. Yuko Ukara,
mtandao wanaufuata juu ya mwamba.
Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.
Nikabaki jikoni na simu mkononi, nacheka peke yangu,
kicheko kikaanza kunikwama,
nikajua nina nini.

Sasa ni saa nne usiku. Nasahihisha insha
za kidato cha pili, arobaini na tatu.
Ya Ng'washi, ukurasa wa pili, mwandiko umelala:
"Baada ya matokeo nilikaa na sinawa yangu mpaka alfajiri."

Kalamu nyekundu ikasimama.
Kamusi haimjui. Mtihani wa taifa hautamjua.

Nikakata "yangu," juu yake nikaandika "wangu."
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
alianza kama mtu.