Kabla ya Tarehe Mosi

Tumekutana juu ya karakana ya matairi,
Thunder Bay, Jumamosi, Oktoba imebakiza siku mbili.
Chini yetu magari yanavishwa viatu vya theluji,
na kila mashine ya nati inapolia
anayejitambulisha hukatika katikati ya jina:
"Naitwa Tyyne Kanga—"
Kilichofuata kilimezwa. Hakukirudia.
Tukamwacha hivyo, Kanga, nusu ya ukoo.

Tuko saba. Viti ni ishirini,
kwa hiyo tumeachana mapengo
kama meno ya mtoto wa darasa la pili.

Tyyne ameendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja.
Riwaya yake ni ileile kila mwaka:
mume anakufa ukurasa wa kwanza.
Mwaka juzi uyoga, mwaka jana ngazi.
Mumewe ndiye aliyemleta. Yuko mlangoni na birika,
anauliza, "Na safari hii nakufaje?"
"Mimina kahawa," anajibiwa. "Utasoma."

Delphine Robitaille, muuguzi wa zamu ya usiku,
amechora ramani ya nchi isiyokuwepo.
Mito yake yote inapanda mlima.
Tukamwuliza kulikoni. Akasema
alichora akiwa hajalala tangu Alhamisi,
na alipoliona kosa, wino ulishakauka.
Basi. Imekuwa sheria ya nchi.

Wendell Moonias amekuja na bintiye wa miaka kumi na minne,
au binti ndiye aliyekuja na baba;
hakuna anayekubali kuwa msindikizaji.
Baba ataandika juu ya treni ya nafaka iliyopotea na mabehewa yake tisini.
Binti hasemi. Amelizungushia daftari kiwiko
kama anayelinda jibu la hesabu.
"Kuna joka?"
"Baba."
"Nauliza tu."
"Baba!"

Orest Hrynchuk wa benki ametuletea jedwali la rangi:
maneno elfu hamsini, siku thelathini,
elfu moja mia sita sitini na saba kila siku ya Mungu,
kijani ukifikisha, nyekundu ukikosa.
"Na nikijifungua?" anauliza Gurleen Sekhon,
mkono juu ya tumbo la miezi minane na ushee.
Orest akalitazama jedwali. Akalitazama tumbo.
Akatoa penseli, akaongeza safu.

Halafu mimi.
Mwaka wa kwanza niliishia siku ya tisa,
wa pili siku ya nne,
wa tatu niliishia dukani, nikichagua kalamu.
Hayo sikuyasema.
Nilifungua mdomo nikitegemea mashine inisitiri,
na mashine, msaliti mkubwa, ikanyamaza;
chumba kizima kikanisikia nikitamka
jambo ambalo hata mimi nililisikia kwa mara ya kwanza:
"Mtu anarudisha ufunguo wa nyumba iliyoungua."

Kimya.
Tyyne akaacha kukoroga sukari.
Yule binti akakiondoa kiwiko:
"Anamrudishia nani?"
Sijui, nikasema, na huo haukuwa uongo.
Akaandika kitu, akalifunga daftari.
"Nitakuuliza tarehe thelathini."

Tukashuka kwa zamu, ngazi ni nyembamba,
kila mmoja akimbebea mwenzake kitu,
Wendell kashika begi la Gurleen,
mume wa Tyyne kashika reli kwa mikono miwili,
haziamini ngazi tangu mwaka jana.
Nikahesabu kwa vidole: maneno sita.
Nimebakiza elfu arobaini na tisa, mia tisa tisini na manne.
"Hayahesabiki," akasema Orest nyuma yangu,
bila hata kuulizwa. "Mwiko kabla ya tarehe mosi."

Fundi akanikabidhi gari langu,
ufunguo una grisi, una joto la kiganja chake.
Chembe za theluji zilikuwa zinajaribu kuanguka, zinaghairi.
Siku mbili nzima
nikae na kiazi hiki cha moto mdomoni,
nisikimeze, nisikiteme.