Herufi Nane

Ghala la ushirika lilikuwa tupu. Korosho zilishapigwa mnada,
zikasombwa hadi bandarini Mtwara, na pesa yake
imeshageuka mabati, ada, na deni la dukani kwa Mkwachu.
Mwezi wa sita, Newala: ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
unaingia bila hodi mpaka ndani ya sweta.
Tukaomba ufunguo. Tukapewa
kwa sharti moja: magunia yasiguswe.

Tulikuwa sita, na kipaza sauti kimoja
cha kuazima kwa mtangaza mnada,
kilichozoea kutaja bei ya kilo.
Mwenye neno angesimama Jumamosi, alitoe.
Kilichokosekana ni jina.

"Usiku wa Mashairi," alisema Chitanda.
Nani atakuja? Watadhani ni mtihani.
"Kipaza Wazi." Tukacheka: wazi kama kidonda?
"Sauti ya Kusini." Kusini yote, sisi sita?
Watu wa Tandahimba watatudai fungu lao.
Likwata, aliyerudi na miwani kutoka chuoni,
akaleta jina refu lenye "jukwaa" na "maendeleo" ndani yake;
tukalisikiliza kwa adabu, kama hotuba ya mgeni rasmi,
likaisha, hakuna aliyelirudia.

Halafu ikaja habari ya Mchopa, fundi rangi.
Mchopa hatozi kwa neno, hutoza kwa herufi:
mia tano, iwe kubwa iwe ndogo.
Tukamwaga mfuko mezani. Elfu nne.
Nikagawa kwa vidole.

"Mashairi ni nane kamili!" Chitanda alifurahi
peke yake.
"Hodi" ingetubakizia nusu ya pesa,
lakini Zamoyoni alisema hodi ni ya mtu aliye nje,
sisi tuna ufunguo.

Huku kwetu mtu hapewi jina mara moja.
La kwanza hulipokea hana meno, hakuulizwa;
la pili hutoka nalo jandoni, amelilipia.
Bibi yangu, ukimwita lile la kabla ya unyago,
alikuwa hageuki,
kana kwamba unamtafuta jirani aliyehama.
Nikawaambia wenzangu: basi na usiku huu
tuuache uingie kwanza,
tutauita ukitoka.

Jumamosi ikafika, hauna jina.
Chitanda alianza, akasahau ubeti wa tatu,
akarukia wa nne, hatukujua mpaka alipoomba radhi.
Zamoyoni akafungua barua ya mumewe aliyeko Msumbiji,
si aliyoandikiwa, aliyoiandika yeye
na hakuituma.
Umeme ukakatika katikati ya neno "lakini".
Hakunyamaza. Akasoma kwa tochi ya simu,
kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuitia watoto,
nasi tukasogea, goti kwa goti,
tukayakalia magunia.

Mlangoni Somoe, muuza ming'oko,
beseni kichwani, haoni kitu, akauliza:
"Kuna nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nahesabu.
K, u, n, a.
N, i, n, i.

Mchopa alipaka Jumatatu, buluu juu ya bati.
"Na alama ya kuuliza?" nilisema, mfuko mtupu.
Akachovya brashi.
"Hiyo si herufi," akasema. "Hiyo ni nyongeza."

Siku hizi apitaye barabarani hulisoma kwa sauti,
na akishalisoma ameshauliza,
na aliyeuliza inambidi asubiri kidogo.
Anachungulia. Wengi huendelea na safari zao.
Juzi aliingia kijana mwenye spana mkononi,
akasimama mbele ya kipaza muda mrefu,
akasema jina la mama yake, akatoka.

Somoe hatozwi kiingilio.
Huliweka beseni lake kizingitini, huuza,
na humwambia kila mteja
kwamba mpaka leo hajajibiwa.