Sisimizi

Nimepika haluwa miaka ishirini na sita
kwenye kichochoro cha Langoni, nyuma ya duka la vitambaa.
Haluwa ikikataa kushika, sababu naijua:
moto mdogo, au wanga haukuchujwa,
au mtu kaingia na kijicho chake.
Mwaka huu, wa hamsini kasoro mmoja,
kilichokataa kushika si haluwa.

Usiku wa kwanza nilisema ni uchovu.
Wa pili, joto. Wa tatu nikauliza kama mlango umefungwa,
nikaenda kuuangalia, sikurudi;
adhana ya alfajiri ikanikuta sebuleni nahesabu boriti.
Somoe hakusema kitu. Aliuvuta mto wake
akageukia ukuta, na shuka kati yetu
ikawa pana kama mkondo wa Mkanda.

Nikamdhania. Ndiyo, nilimdhania:
udi huu anaufukiza kwa ajili ya nani?
Nikamdhania jirani. Nikadhania hirizi chini ya kizingiti,
nikachimba watu wakiwa msikitini,
nikapata gololi ya mwanangu na kifuniko cha soda.

Bwanaheri, ambaye siri kwake ni maji ndani ya tenga,
alininywesha supu ya pweza siku tisa.
Nikapata nguvu za kwenda chooni.
Muuza mizizi sokoni akanipimia unga, akanikonyeza;
moyo ulikwenda mbio usiku kucha, peke yake,
mwenzake hakuufuata.

Hospitali nilisema naumwa mgongo.
Kadzo, muuguzi, rika la binti yangu,
akauliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu:
"Na chumbani, baba?"
Nikatazama viatu. Viatu vikajibu.
Akauliza sigara ngapi. Akauliza dawa za presha,
zipi, tangu lini. Usingizi. Akauliza deni.
Deni! Sikujua deni nalo hupanda kitandani.
Kisha akanichoma kidole,
tone moja, kimashine kikalia:
kumi na tisa na ushei.

"Unaonja mara ngapi kwa siku?"
Haluwa haipikwi bila kuonjwa, mwanangu.
Kijiko cha asubuhi, kijiko cha iliki,
kijiko cha kumtoa mteja shaka.
Akasema mishipa ni kama mifereji ya mitaa yetu,
haizibi kwa siku moja.
Akasema tutajaribu. Hakuniahidi.

Nilirudi na karatasi ndani ya kofia.
Somoe alikuwa akichagua mchele. Nikamwambia
yote, hata kizingiti, hata udi.
Akanyamaza, akatoa kijiwe, akakitupa.
"Tangu Mfungo Sita," akasema,
"sisimizi wapanga foleni chooni kwetu.
Nikadhani ni shira ya nguo zako za kazi.
Kila siku nawamwagia maji, kila siku warudi.
Mimi naona haya kuuliza,
wewe waona haya kusema,
na wao, wadudu, wajua."

Akausogeza ungo kidogo. Nikakaa.
Mchele ulikuwa na mawe mengi.