Mfupa wa Kuazima

Daktari Covadonga aliwasha picha ukutani,
akaigonga kwa kalamu: hapa, Etelvina, na hapa.
Taya langu limekonda kama ukingo wa sahani.
Miaka kumi na miwili tangu magego yang'olewe,
na mfupa usiopewa kazi, akasema, huondoka
polepole, bila kuaga,
kama vijana wa bonde letu walivyohamia Madrid.

Siwezi kupigilia msumari hewani.
Tujenge ukuta kwanza.

Akanitoa damu mkononi, akaizungusha mashineni,
akaichanganya na chembe nyeupe
mfano wa chumvi ya mawe tuliyowalambisha ng'ombe.
Za nini hizo? Mfupa wa ng'ombe, akajibu,
umechomwa, umesafishwa, hauna uhai tena.
Nikauliza, nusu ya mdomo imekufa ganzi,
ng'ombe huyo aliitwa nani.
Alidhani namtania. Akacheka, akashona.

Miaka arobaini nimekamua alfajiri za theluji,
paji la uso nimeliegemeza ubavuni mwa Cereza,
Cereza tuliyemuuza mwaka alioumwa Belarmino.
Aligoma kupanda lori.
Alinitazama mimi, si dereva.

Sisemi ni yeye. Dunia ina ng'ombe wengi.

Miezi sita: supu, uji wa mahindi, supu.
Nilalie upande wa kulia. Nisivute sigara
(sijavuta tangu nizaliwe).
Nisiguse mshono kwa ulimi.
Ulimi! Mchana unanitii,
usiku unarudi palepale
kama ndama kwenye hori tupu.

Jino la pembe si dawa ya pengo: sawa,
sibishani na waliosema.
Lakini mimi jino sijalifikia.
Ningali chini yake, kwenye udongo,
nangoja kipandwe kitu.

Anasema mfupa wangu utajipenyeza katika zile chembe,
mshipa mwembamba baada ya mwingine,
hadi siku moja picha ishindwe kuonyesha
wapi ninapoishia mimi, wapi anapoanzia yeye.
Nilimkamua. Sasa anishikilie.

Huu ni mwezi wa nne.
Dirishani nimeweka tufaha la mvinyo,
gumu, chachu, la mti wa Belarmino.
Limeanza kusinyaa upande wa jua.
Nitaweka jingine.